Sura ya Sita: Pamba ya Jirani, Chupi ya Mbali

Katika nguo anazovaa mkazi wa kata ya Endagikot, Mbulu, kwa siku nzima, ni chache sana ambazo anatakiwa kuzinunua mpya. Koti la kujikinga na baridi ya Juni linaweza kuwa la mtumba, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Sweta la mtoto, suruali ya baba, gauni la kanisani, hata viatu, vyote hutoka kwenye marobota yanayofunguliwa mnadani, na hakuna anayemuuliza mtu kitu. Chupi na sidiria ni habari nyingine. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na kila baada ya muda maofisa wake huingia masokoni, huzikamata na kuziteketeza. Sababu wanayoitoa ni afya: nguo inayogusa sehemu za siri haifai kuhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Marufuku hayo hayajamaliza biashara ya chupi za mtumba, na kila anayekwenda minadani anajua zinavyofichwa chini ya nguo nyingine. Hata hivyo yamefungua mlango ambao bado hatujaupita. Kwenye koti, kiwanda cha Tanzania hakina namna ya kushindana, kwa sababu gharama ya koti la mtumba ilikwisha kulipwa na mtu mwingine Ulaya au Marekani. Kwenye chupi, kisheria ushindani ni wa mpya na mpya. Hapo ndipo pamba yetu ina nafasi ya haki, na hapo ndipo tunapoipoteza. Pakiti ya chupi tatu au tano inayoning'inia kwenye kibanda cha machinga, kutoka Mbulu mjini hadi Katesh, kwa kawaida imetoka China, na kitambaa chake mara nyingi ni polista au nailoni, hata kama picha ya nje ina ua la pamba.

Jambo hili linauma zaidi ukitazama ramani. Kutoka Endagikot elekea magharibi, shuka bonde la Yaeda Chini wanakoishi Wahadzabe, vuka Mto Sibiti unaomwaga maji yake Ziwa Eyasi, na utakuwa unaingia Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Huko, tangu 1994, kuna mradi wa pamba hai unaojulikana leo kwa jina la bioRe, uliozaliwa kwa ushirikiano na kampuni ya Remei ya Uswisi. Wakulima wadogo hulima kwa mkataba, hupewa mafunzo na wataalamu wa ugani, na hulipwa nyongeza juu ya bei ya kawaida. Sasa geukia kusini. Pita Katesh chini ya Mlima Hanang, shika barabara ya Singida, na mwisho wake utakuta kampuni ya Biosustain, nayo inanunua na kuchambua pamba hai ya wakulima wa ukanda huo. Kwa hiyo Mbulu na Hanang zimepakana na pamba hai pande mbili. Tanzania yenyewe imo kwenye orodha fupi ya nchi zinazozalisha pamba hai kwa wingi duniani.

Kulima pamba hai si kuacha shamba lijiendee. Adui mkubwa wa pamba ni funza wa vitumba, anayetoboa tunda changa na kula ndani kabla halijapasuka. Mkulima wa kawaida humpiga kwa sumu ya dukani, mara nyingi bila glavu wala kitambaa usoni, na bomba likiwa limebebwa mgongoni. Mkulima wa pamba hai hutumia akili ya shamba lenyewe: hupanda alizeti katikati ya pamba ili wadudu waivamie hiyo kwanza, hupulizia maji ya mwarobaini, huweka samadi badala ya mbolea ya chumvichumvi, na hubadilisha mazao kila msimu ili udongo upumzike. Pia husubiri. Shamba lililozoea sumu hukaa kwenye kipindi cha mpito cha miaka miwili hadi mitatu kabla mazao yake hayajakubaliwa kuitwa hai, na muda wote huo mkaguzi anakuja, anapima, anauliza, anaandika.

Baada ya jasho lote hilo, pamba inachambuliwa, inafungwa marobota, na kuondoka. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, ya kawaida na hai, husafirishwa nje ikiwa ghafi. Inasokotwa ugenini, inafumwa ugenini, inashonwa ugenini. Iliyo hai huishia kwenye maduka ya Ulaya, ikiwa imekunjwa vizuri na kupachikwa lebo inayomsifu mkulima wa Afrika. Sisi tuliobaki hapa tunaletewa polista.

Tuweke hesabu mezani, japo ni ya kukadiria. Kilo 3 za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa nyuzi kama kilo 1. Zinazobaki ni mbegu, za kukamuliwa mafuta na kuacha mashudu. Kilo hiyo 1 ya nyuzi ikisokotwa, ikafumwa jezi, yaani kitambaa kinachovutika, na kukatwa, ukiondoa kinachopotea njiani, inatosha chupi kama 20 za mwanamke, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 35 hivi. Miaka ya karibuni mkulima amekuwa akilipwa shilingi elfu moja na kitu kwa kilo ya pamba mbegu. Yaani malipo ya mkulima ndani ya chupi moja hayafiki hata shilingi 250. Fedha nyingine yote ambayo mama wa Endagikot anatoa mfukoni kununua chupi ya pamba inakwenda kwa wanaosokota, wanaofuma, wanaotia rangi, wanaoshona, wanaosafirisha na wanaouza. Anayesema chupi ya pamba ni ghali kwa sababu pamba ni ghali hajapiga hesabu hii. Utajiri wa chupi uko kwenye kazi ya mikono na mashine baada ya shamba, na kazi hiyo tumeiacha iende.

Haikuwa hivi siku zote. Huku nyanda za juu za Mbulu mavazi ya asili yalikuwa ngozi. Wanawake wa Kiiraqw walivaa ngozi zilizolainishwa na kupambwa shanga, na sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kibarabaig bado huonekana kwenye sherehe hadi leo. Sehemu nyingine za nchi zilisokota na kufuma pamba yake zenyewe, Ufipa ikiwa mfano unaojulikana sana. Kisha katika karne ya 19 ukaja marekani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichotoka viwanda vya Marekani kwa meli hadi Zanzibar na kupanda bara kwa misafara. Tulianza kuzoea kununua pamba ya wengine. Baada ya Uhuru na Azimio la Arusha, taifa lilijaribu kurekebisha hilo. Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza ikapata Mwatex, Musoma ikapata Mutex, na kulikuwa na vingine. Kwa muda mtu aliweza kuvaa kitambaa kilichoanzia Usukuma na kumalizikia Ubungo. Miaka ya 1980 viwanda viliishiwa vipuri na fedha za kigeni, na soko lilipofunguliwa, mitumba ikafurika.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilikunja uso. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya ushuru kwa nguo inazouza Marekani. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Sitaki kumlaumu mnunuzi wa mtumba katika hili. Mtu mwenye watoto watano na baridi ya Mbulu hana budi kununua koti analolimudu. Ila nguo ya ndani haikuwamo kwenye ugomvi huo. Tulikwisha kuamua wenyewe kwamba hatutaki chupi za watu, na hakuna taifa lililotutishia kwa uamuzi huo. Nafasi ile ingejazwa na kiwanda cha Arusha. Imejazwa na kontena.

Arusha bado kuna uwezo. Sunflag, kiwanda kilichoanza mwaka 1965, kinasokota uzi, kinafuma jezi na kushona nguo za kufuma. A to Z ni jina linalofahamika kwa vyandarua, lakini nacho kinatengeneza nguo. Basi linalotoka Mbulu alfajiri, lipite Karatu au lipite Dareda na Babati, linafika Arusha siku hiyohiyo. Kwa maneno mengine, jezi ya pamba iliyofumwa Tanzania inapatikana kwa safari moja ya basi.

Sasa tugeukie mwili unaoivaa chupi hiyo. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Polista na nailoni huliacha jasho juu ya ngozi. Fangasi hupenda joto na unyevu, na ndiyo maana wauguzi na madaktari wa wanawake wamekuwa wakiwashauri wanaosumbuliwa na muwasho mara kwa mara wavae chupi za pamba zisizobana. Pamba si dawa. Mwenye muwasho, uchafu usio wa kawaida au vidonda aende kituo cha afya. Lakini kumpa mtu dawa ya fangasi kisha akarudi kwenye taiti ya nailoni iliyobana kutwa nzima shambani ni kumrudisha alikotoka. Wanaume nao wasidhani jambo hili ni la wanawake. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 656, na waliosema huvaa zaidi boksa zisizobana walikuwa na mkolezo wa mbegu katika shahawa uliozidi kwa asilimia 25 ule wa wanaovaa za kubana. Korodani zinataka ubaridi, ndiyo maana zimewekwa nje ya mwili.

Je, pamba hai ni bora kwa ngozi kuliko pamba ya kawaida? Ninasema wazi, kwa sababu wauzaji wengi hawasemi: kwa ngozi ya mvaaji, tofauti kubwa iko kati ya pamba na plastiki. Sumu ya shambani hubaki kidogo mno baada ya pamba kuchambuliwa, kuchemshwa na kufuliwa. Faida ya pamba hai iko kwa yule aliyebeba bomba mgongoni, kwa mtoto wake anayeokota chupa tupu ya sumu na kuichotea maji, kwa udongo na kwa visima. Ukinunua pamba hai unamlinda mtu wa Meatu. Hiyo ni sababu tosha, na haihitaji kuongezewa uongo.

Aliyekosa iliyo hai asikate tamaa. Pamba ya kawaida ya Tanzania hutegemea mvua, si mabwawa yanayokausha mito. Huchumwa kwa mikono. Na mbegu zake si za kubadilishwa vinasaba. Kwa mtazamo wangu, chupi ya pamba ya kawaida iliyofumwa Arusha ina heshima kuliko ya pamba hai iliyozunguka nusu ya dunia kabla ya kurudi kuuzwa kwetu kwa bei ya kitalii.

Tukienda sokoni, tunaanza na lebo. Nguo yenye alama ya kimataifa ya GOTS lazima iwe na angalau asilimia 95 ya nyuzi hai ili iitwe hai, au asilimia 70 ili iitwe iliyotengenezwa kwa nyuzi hai, na alama hiyo inagusa pia rangi na dawa za kiwandani. Kilimohai ni alama yetu ya Afrika Mashariki, iliyokuja na kiwango cha pamoja cha mwaka 2007. Utaiona kwenye vyakula zaidi kuliko nguo. Jihadhari na neno mianzi. Kitambaa kinachouzwa kwa jina hilo kwa kawaida ni mti ulioyeyushwa kwa kemikali kali na kugeuzwa nyuzi, na mwaka 2009 mamlaka ya biashara ya Marekani iliyashitaki makampuni kadhaa yaliyokuwa yakikiuza kama mianzi ya asili.

Mara nyingi lebo haipo, au imeandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi wala muuzaji. “Dada, hii kotoni kabisa,” ataambiwa, na muuzaji huenda anaamini hivyo. Basi nunua moja kwanza, uende nayo nyumbani. Chomoa uzi kwenye kitambaa chenyewe, si ule wa kushonea pindo, kwa kuwa uzi wa kushonea huwa wa polista hata kwenye nguo nzuri. Ushike kwa koleo au kibano na uusogeze kwenye mwali wa kiberiti. Pamba hushika moto mara moja, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu linalosagika ukiligusa. Polista na nailoni huukimbia moto kwanza, hujikunja, huyeyuka, na kuacha tone gumu linalonuka plastiki. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, umeuziwa mchanganyiko. Mwenye uwezo mdogo anayelazimika kununua ya nailoni atazame kipande cha katikati ya miguu. Kikiwa cha pamba, ubaya umepungua.

Njia iliyo bora kwa Endagikot, kwa maoni yangu, ni kushona. Bukta ya ndani ya mwanaume haihitaji kitambaa kinachovutika. Bafta au poplini ya pamba inatosha, na fundi yeyote mwenye cherehani ya miguu anaiweza. Chupi ya mwanamke inataka jezi. Loweka kitambaa usiku kucha na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu pamba husinyaa kwenye maji ya kwanza, na chupi iliyokatwa bila kusinyaishwa itambana mwenyewe baada ya wiki. Hakikisha upande unaovutika ndio unaozunguka kiuno. Kipande cha katikati kiwe mara mbili, mshono ukigeukia katikati ya vitambaa viwili usiguse ngozi. Asiye na ovaloki aweke zigizaga ndogo. Akiwa na mshono wa kawaida tu, avute kitambaa kidogo wakati wa kushona, la sivyo uzi utakatika siku ya kwanza ya kuinama shambani.

Ukiacha uzi wa kushonea, lastiki ni sehemu pekee ambayo siyo ya asili, na hakuna haja ya kujidanganya juu yake. Ila si lazima iguse mwili. Fundi atengeneze njia ya kitambaa kiunoni, apitishe lastiki humo, na aache tundu dogo kwa ndani. Lastiki ikilegea baada ya miezi, mwenye chupi anaivuta nje, anafunga mpya kwenye pini na kuipitisha. Chupi nyingi zinazotupwa zimekufa lastiki tu, kitambaa kikiwa bado kizima.

Pamba ina udhia mmoja huku kwetu: hukauka polepole. Juni na Julai, ukungu ukishuka, chupi ya pamba inaweza kushinda kwenye kamba na kuingia ndani ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo zinahitajika nyingi kidogo, ili mtu asilazimike kuvaa yenye unyevu. Tatizo lingine ni aibu. Wasichana wengi hukausha chupi chini ya godoro au nyuma ya kabati ili baba na kaka wasizione, na humo hazikauki, zinavunda. Mama mwenye busara anaweza kufunga kamba nyuma ya nyumba, mahali penye jua, na kutandaza khanga nyepesi mbele yake. Siku isiyo na jua, pasi ya mkaa ikipita upande wa ndani inamaliza kazi.

Wasichana hawa wanahitaji kufikiriwa zaidi ya wote. Tumezungumza sana kuhusu pedi za kufua, na vikundi vingi nchini vinazishona. Pedi haisimami hewani. Bila chupi imara haina pa kukaa. Mzazi anayempeleka binti bweni husoma fomu ya kujiunga na kununua kila kilichoandikwa, godoro, ndoo, sweta, viatu vyeusi. Walimu wakuu, pale mnapoandika nguo za ndani, ongezeni maneno mawili: za pamba. Wazazi watazitafuta, na wafanyabiashara wa Mbulu watazileta.

Kwa vikundi vya akina mama na vijana vya Endagikot vinavyojiandaa kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wekeni ovaloki moja na jora la jezi ya pamba ya Arusha kwenye andiko lenu. Wateja mnao tayari: kila mtu katika kata, mkubwa kwa mdogo, anahitaji chupi, na TBS imekwisha kumpiga marufuku mshindani wa mtumba. Mkifika kiwandani kununua, ulizeni pamba ile imetoka wilaya gani, na kama wanaweza kusokota ya Meatu au Singida. Kiwanda huanza kutafuta pamba hai pale mteja wa jumla anapoiulizia, na hadi sasa wanaoiulizia ni wa Ulaya.